Fundi wa Sauti na Kitabu Kinene

Leo nataka tuzungumze habari za watu ambao kazi yao unaisikia kila siku na wenyewe huwaoni. Ni mafundi wa sauti: kijana aliyekaa nyuma ya mikisa pale kanisani, yule aliyefunga spika za msikiti, binti anayerekodi kwaya, jamaa wa muziki wa harusi, na fundi mitambo aliye upande wa pili wa kioo hapa studioni, ambaye sasa hivi ananionyesha kwa mkono kwamba nisogelee maiki.

Wengi wao ufundi wameupata kwa kukaa na mtu. Unaanza kwa kubeba spika na kukunja nyaya. Baadaye unaruhusiwa kuchomeka, halafu unaachiwa fida moja ya kupandisha na kushusha sauti wakati mkubwa wako amekwenda kula. Hiyo ni njia ya heshima na imewalea wengi. Lakini ina kikomo chake. Mwanafunzi anajua kile anachokijua mkubwa wake, na pale mkubwa alipokosea naye anakosea, tena kwa kujiamini, maana ameambiwa "kata hapa, punguza pale" bila kuambiwa sababu. Siku ukumbi ukibadilika, au ikija mashine ngeni, anashika hiki anaacha, anashika kile anaacha, na watu wameshaketi.

Ndiyo maana leo namtetea mwalimu mwingine ambaye naona tumemsahau: kitabu cha rejea. Nasema hivi, na nina hakika na ninachosema: kijana aliyemaliza sekondari anaweza kujifunza uhandisi wa sauti kwa kitabu, hata kama chuo hakukipata, mradi ajue jinsi ya kukisoma, na mradi akubali kwamba zipo kurasa ambazo kitabu hicho hakina na ambazo itabidi aziandike yeye.

Tuanze na vitabu vyenyewe. Mwaka 1959, katika mji wa Indianapolis, Marekani, kampuni ya Howard W. Sams ilichapisha kitabu cha Howard Tremaine kiitwacho The Audio Cyclopedia. Kampuni hiyo mafundi redio wa huko walikuwa wakiijua tangu 1946 kwa michoro yake ya saketi. Redio ikiletwa mbovu, fundi alitafuta mchoro wa aina ile ile, akaufuata waya kwa waya mpaka penye kasoro. Kitabu cha Tremaine kina harufu ya benchi la fundi namna hiyo. Kimepangwa kwa maswali yenye namba, na chini ya kila swali lipo jibu, mara nyingi likiwa na mchoro. Toleo la pili, la mwaka 1969, lilipita kurasa 1,700. Humo mna sauti ni kitu gani, maikrofoni, amplifaya za valvu, kukata santuri, kanda, sauti za filamu, spika na vipimo.

Mwaka 1987 Glen Ballou aliwakusanya wataalamu wengi, kila mmoja na sura yake, wakatoa Handbook for Sound Engineers, kitabu kilichokuja kurithi kile cha Tremaine. Kimekuwa kikifanyiwa marekebisho, na toleo la tano lilitoka 2015. Wapo wengine. Alec Nisbett wa BBC alitoa kitabu cha mbinu za studio mwaka 1962. Don Davis na mkewe Carolyn, waliokuwa wakiendesha madarasa ya mafundi tangu 1973, walitoa chao cha mifumo ya sauti mwaka 1975. F. Alton Everest alitoa kitabu chake cha akustika mwaka 1981, umri wake ukiwa umepita miaka 70. Na kipo kile cha Gary Davis na Ralph Jones, kilichoandikwa kwa ajili ya kampuni ya Yamaha, toleo la pili 1989, kuhusu sauti za majukwaani. Kijana akiniuliza aanze na kipi, humwambia aanze na hicho, maana maelezo yake ni mepesi na michoro yake haimsumbui msomaji.

Sasa chukua kitabu cha kurasa 1,000, kiweke mbele ya kijana. Anaanza ukurasa wa kwanza. Anapita mawimbi, anapita masafa, anakutana na logi, anachoka, anakirudisha rafuni. Baada ya hapo anasema vitabu si vyake. Hapo ndipo wengi wanapopotea, na si kwa sababu ya akili ndogo. Hakuna aliyejifunza Kiswahili kwa kusoma kamusi kuanzia herufi A. Kamusi unaiendea ukiwa na neno lililokutatiza, na kitabu cha rejea unakiendea ukiwa na swali lililokutoa jasho kazini jana. Tremaine alilijua hilo, ndiyo maana akakipanga chake kwa maswali.

Basi twende na swali. Maiki inapiga mluzi. Kila fundi anayenisikiliza analijua balaa hili. Mchungaji anafungua kinywa, spika zinalia, waumini wanaziba masikio. Fundi aliyejifunza kwa kuangalia anashusha fida. Mluzi unakoma, na sauti ya mchungaji inapotea pamoja nao. Anapandisha tena, unarudi. Mwisho anaikatakata ikwalaiza mpaka sauti inakuwa ya debe.

Fungua kitabu, tafuta sura ya maikrofoni. Unakuta sheria moja ambayo haina gharama: katika nafasi ya wazi, kila umbali unapoongezeka mara mbili, sauti hushuka desibeli 6, desibeli ikiwa kipimo cha ukubwa wa sauti. Igeuze sasa. Kila unapoupunguza umbali kwa nusu, sauti hupanda desibeli 6. Mchungaji ameshika maiki sentimita 40 kutoka mdomoni. Mwombe ailete sentimita 20, umepata desibeli 6. Ailete sentimita 10, umepata 12. Ili kupata desibeli 12 kwa kununua amplifaya ungehitaji nguvu mara 16 ya uliyo nayo, tena mluzi ungekuwa mbaya zaidi, kwa sababu spika ingekuwa inapiga kelele zaidi ndani ya maiki ile ile. Kwa kusogeza mkono, sauti ya mtu imepanda ndani ya maiki na ile ya spika imebaki pale pale.

Ukurasa unaofuata unakwambia gharama yake: maiki zinazosikia zaidi upande wa mbele, kama hiyo ya mchungaji, zikisogezwa karibu na mdomo huongeza besi. Kwa hiyo unapunguza besi kidogo, na maneno yanasikika.

Katika sura hiyo hiyo upo mchoro wenye umbo la moyo. Unaonyesha maiki inasikia upande gani. Mbele inasikia vizuri, pembeni kiasi, nyuma karibu haisikii kabisa. Kijana anauona mchoro huo miaka nenda miaka rudi kwenye boksi la maiki na haumwambii kitu. Kitabu kinamweleza sababu: nyuma ya kiini cha maiki kuna vitundu, na sauti ya kutoka nyuma huingia kwa njia mbili na kujiua yenyewe. Sasa mkumbuke msanii wako wa jukwaani, yule anayeshika maiki kwa kukumbatia kichwa chake kwa kiganja. Ameziba vitundu. Maiki iliyokuwa haisikii nyuma sasa inasikia kila upande, pamoja na spika iliyo miguuni pake. Mluzi unaanza, na lawama zote zinakwenda kwa fundi. Aliyesoma ukurasa ule anakwenda kwa msanii kabla ya onyesho, anamwonyesha pa kushika, na anamweleza kwa nini. Ukimweleza mtu sababu, mara nyingi anakubali.

Niseme jambo kuhusu hizo desibeli, kwa sababu ndizo zinazowafukuza vijana. Hesabu yake ni logi zile zile ulizofundishwa sekondari ukajiuliza zina kazi gani duniani. Kazi yake hii hapa. Nguvu ya amplifaya ikiongezeka mara mbili, sauti hupanda desibeli 3 tu. Ikiongezeka mara 10, hupanda desibeli 10, na hapo ndipo masikio ya watu wengi husema sauti imekuwa kubwa mara mbili. Mwenye ukumbi ana amplifaya ya wati 500, anaona haitoshi, anakopa, ananunua ya wati 1,000. Anawasha, anasikiliza, anakuta tofauti ni ndogo, anadhani ameuziwa feki. Hakuuziwa feki. Amenunua desibeli 3. Kama angemuuliza fundi aliyefungua kitabu, angeambiwa ahamishe spika ziwe karibu na watu na mbali na maiki, na fedha zake zingebaki mfukoni. Nimeona vikundi vikichangishana kwa taabu kwa ajili ya wati ambazo hazikuwa tiba ya ugonjwa wao, na jambo hilo huniuma.

Sasa tufike kwenye mwangwi, na hapa naomba uvumilivu wako, maana kwetu hili ndilo tatizo kubwa kuliko yote. Kumbi zetu nyingi ni saruji tupu: kuta za saruji, sakafu ya vigae, madirisha ya vioo na aluminiamu. Zinapendeza kwa macho. Ukisimama mbele ukasema "ndugu zangu", neno la kwanza halijafa la pili limefika juu yake, na aliyekaa nyuma anasikia uji.

Mtu aliyelifungua fumbo hili alikuwa mwalimu kijana wa fizikia, Wallace Sabine, katika Chuo Kikuu cha Harvard. Mwaka 1895 alipewa kazi ya kutibu chumba kipya cha mihadhara ambamo neno moja lilikaa hewani zaidi ya sekunde 5, mhadhiri akawa hasikiki. Sabine aliazima mito ya viti kutoka ukumbi wa jirani. Usiku, mji ukiwa umelala, alipuliza filimbi ya kinanda, akaizima, akapima sauti inachukua muda gani kufa. Halafu anaongeza mito, anapima tena. Kifaa chake cha kusikilizia kilikuwa sikio lake mwenyewe. Asubuhi mito inarudishwa, usiku anaanza upya. Baada ya miaka mitatu hivi alipata kanuni, akaitumia katika kusanifu Symphony Hall ya Boston, iliyofunguliwa mwaka 1900, na hadi leo wanamuziki wanausifu ukumbi huo.

Kanuni yenyewe utaikuta katika kitabu chochote kizuri cha akustika. Naomba ushike kalamu. Tafuta ujazo wa ukumbi kwa mita za ujazo, zidisha kwa 0.161, gawa kwa jumla ya eneo linalomeza sauti. Unapata sekunde ambazo sauti huchukua kushuka desibeli 60, yaani kufa kabisa kwa masikio yetu. Kipimo cha kumeza ni rahisi kukielewa: dirisha lililo wazi humeza kila kitu, maana sauti ikitoka nje imekwenda. Mita moja ya mraba ya dirisha wazi inahesabiwa moja kamili. Saruji na vigae humeza kidogo mno, tuseme 0.03.

Chukua ukumbi wa urefu wa mita 20, upana 12, kimo 5. Ujazo ni 1,200. Sakafu ni mita za mraba 240, dari ya zege 240, kuta zote 320, jumla 800. Zidisha kwa 0.03, unapata 24. Sasa 1,200 mara 0.161 ni 193. Gawa kwa 24: sekunde 8. Ukumbi mtupu, madirisha yamefungwa, sauti inazurura humo sekunde 8! Fungua madirisha ya mita za mraba 20, kumeza kunakuwa 44, na mwangwi unashuka hadi sekunde 4 na kitu. Halafu ingiza watu 200. Mtu mzima aliyevaa nguo zake humeza kama mita ya mraba 0.45, kwa hiyo 200 wanaleta 90. Jumla inafika 134. Gawa tena, na mwangwi sasa uko chini ya sekunde moja na nusu. Hotuba inataka kama sekunde moja, kwaya inapenda zaidi kidogo, kwa hiyo ukumbi umekuwa wa kukaliwa.

Tazama hesabu hiyo imemfundisha fundi nini. Jumamosi jioni anafanya majaribio katika ukumbi mtupu. Sauti inaogelea, anakata masafa ya juu, anakata ya kati, anahangaika mpaka usiku. Jumapili watu wamejaa, na sauti aliyoipika imepooza, haina uhai. Alikuwa anautibu ukumbi ambao kesho yake haukuwepo. Aliyeifanya hesabu anajua Jumamosi kwamba kinachomsumbua ni viti vitupu, anaiacha ikwalaiza yake karibu na katikati, anafungua madirisha, na anazielekeza spika kwa watu, si ukutani. Kama kamati ina fedha, anaishauri inunue mapazia mazito yenye mikunjo, yaliyotundikwa mbali kidogo na ukuta. Kitambaa chepesi kilichobandikwa ukutani bila mkunjo hakimezi kitu cha maana, hata kiwe na rangi nzuri kiasi gani.

Na trei za mayai, msikilizaji! Ingia studio changa yoyote mtaani utazikuta zimebandikwa kuta nzima. Yule kijana si mjinga. Ameona wenzake wakifanya, na trei ni rahisi. Kitabu kinamjibu kwa namba. Ili kitu kinyonyacho kilichobandikwa ukutani kiumeze vizuri wimbi, unene wake unatakiwa ukaribie robo ya urefu wa wimbi hilo. Wimbi la mizunguko 100 kwa sekunde, yaani besi ya ngoma, lina urefu wa mita 3 na nusu hivi. Robo yake ni zaidi ya sentimita 80. Trei ya karatasi yenye kina cha sentimita chache inagusa sauti nyembamba tu. Chumba kinapoteza ung'avu, besi inabaki inavuma kwenye kona, na kijana anarekodi wimbo ambao kwake una besi tele na kwenye gari la mtu mwingine hauna kabisa. Ama kuzuia kelele za bodaboda zisiingie, trei haiwezi hata kidogo. Kelele huzuiwa na uzito na kuziba nyufa. Mlango mzito uliokaa vizuri kwenye fremu yake utamsaidia kuliko trei 1,000. Magodoro ya zamani yaliyosimamishwa kwenye kona, au sufi na pamba nene iliyofungwa katika fremu za mbao na kuachwa na nafasi nyuma yake, ni bora mara nyingi. Vitu hivyo vipo mtaani, kinachokosekana ni kujua.

Mtu ataniambia, mzee, siku hizi zipo video fupi, unaona kwa macho, kitabu cha nini? Nazitazama na mimi, na nyingine zimenifaa. Lakini video inakuonyesha fulani alifanya nini siku ile, na mashine ile, katika chumba kile. Kitabu kizuri kinakupa kanuni ambayo wewe unaipeleka chumba chako.

Kitabu nacho kina namna yake ya kukupoteza, na lazima niiseme. Kwanza ni umri. Hewa haijabadilika tangu enzi za Sabine, kwa hiyo sura za akustika za mwaka 1959 unaweza kuzisoma leo ukazitumia. Mashine zimebadilika sana. Ukisoma vitabu vya zamani vitakusisitizia kwamba mashine inayotoa na inayopokea zilingane ukinzani, omu 600 kwa omu 600. Desturi hiyo ilitoka kwenye simu. Mashine za leo hutoa kwa ukinzani mdogo na kupokea kwa ukinzani mkubwa, mara 10 au zaidi, na hazihitaji kulinganishwa. Kijana akifuata kitabu cha zamani bila kuangalia mwaka wake, akaweka kizuizi cha omu 600 ili mambo "yalingane", anaweza kuipunguza sauti yake na kuiumiza mashine. Hata plagi ya pini tatu ya maiki ina historia yake. Leo pini ya kwanza ni wavu wa waya, ya pili ndiyo chanya, ya tatu hasi, lakini zamani baadhi ya watengenezaji waliifanya ya tatu kuwa chanya, na ukichanganya mashine za enzi mbili unaweza kukuta sauti moja inaifuta nyingine. Kwa hiyo kabla ya kusoma sura, geuza ukurasa wa mwanzo uone mwaka. Mimi huuandika kwa penseli juu ya kila sura ya mashine.

Pili ni mahali. Vitabu nilivyovitaja vimeandikwa Marekani na Uingereza, kwa Kiingereza, na vinazungumzia majengo ya huko. Umeme wa Marekani huzunguka mara 60 kwa sekunde, wetu mara 50. Mvumo ukiingia kwenye spika zako, utafute kwenye 50 na 100, usiutafute kwenye 60 na 120 kwa sababu kitabu kimesema. Majedwali yao ya kumeza sauti yana zulia nene, lipu, paneli za mbao, viti vya vitambaa. Nimepekua majedwali hayo kwa muda mrefu na sijakuta makuti. Sijakuta ukuta wa mawe ya matumbawe na chokaa kama wa nyumba za kale za Unguja, Lamu na Mombasa. Sijakuta mkeka, wala mabati yaliyopigiliwa juu ya mbao bila dari. Hewa yenyewe ni tofauti. Hewa kavu, kama ya Dodoma wakati wa kiangazi, hula sauti nyembamba za juu kuliko hewa ya unyevu ya Tanga, na fundi anayesafiri na bendi huisikia tofauti hiyo kwenye spika za mbali.

Hizo ndizo kurasa nilizosema hazipo. Nani atatuandikia? Atakayejua makuti yanameza kiasi gani ni fundi anayefunga muziki kwenye hoteli za pwani. Sauti ya mvua juu ya mabati anaijua aliyewahi kuendesha mkutano wa Machi huko kwetu, akashindwa kumpandisha mzungumzaji juu ya kelele ile. Anayo maarifa hayo masikioni, na siku akifa yanazikwa naye. Mafundi mitambo wa zamani waliorekodi bendi kwenye kanda katika studio za Radio Tanzania walijua maiki ikae wapi ili tarumbeta isimeze gitaa. Kanda zipo, tunazisikia hadi leo zikipigwa. Daftari zao ningezisoma kwa hamu kubwa.

Kwa hiyo namwomba kila kijana anayeshika kazi hii awe na daftari karibu na kitabu. Aliandike kwa Kiswahili, kwa maneno anayoyatumia kazini, "maiki inalia", "spika inakwaruza", "sauti imekaa puani", halafu pembeni aandike masafa aliyoyakuta na dawa iliyosaidia. Sikio linahitaji shule yake, na kitabu hakina sauti ndani. Unasoma kwamba masafa ya mizunguko 250 kwa sekunde yakizidi sauti inakuwa na tope, lakini hutajua tope hilo mpaka uweke wimbo unaoujua, upandishe 250, usikilize, ushushe, usikilize tena. Fanya hivyo kwa 500, kwa 1,000, kwa 2,000, kwa 4,000. Baada ya miezi kadhaa mluzi utakapoanza mkono utajua pa kwenda kabla ya macho. Ndivyo Sabine alivyofanya, sikio na namba vikisahihishana.

Vitabu ni ghali, sikatai. Mafundi wanne au watano wanaweza kuchangia kimoja, kikazunguka, kila mmoja wiki yake, na Jumapili jioni wakakutana kusema wamekuta nini. Kama kuna mmoja ambaye Kiingereza kinamtatiza, mwingine asome kwa sauti na kueleza. Anayeeleza ndiye anayefaidika zaidi.

Na kipimo cha kuanzia nakupa leo, kwa sababu hakihitaji mashine ya fedha nyingi. Nunua maputo. Ingia ukumbi unaoufanyia kazi, simama panaposimama mzungumzaji, mwenzako akae na simu katikati ya viti ikirekodi. Pasua puto. Kimya. Pasua la pili, na la tatu. Nyumbani fungua rekodi hizo kwenye programu yoyote inayoonyesha wimbi kwa desibeli. Acha desibeli 5 za mwanzo, halafu pima muda sauti inaochukua kushuka desibeli 20 zinazofuata, zidisha kwa 3. Huo ndio muda wa mwangwi wa ukumbi wako. Linganisha na hesabu ya Sabine. Zikipishana sana, tafuta ni uso gani uliukadiria vibaya. Na kama uso huo ni makuti au mabati, umeshaanza kulijaza jedwali. Andika tarehe, vipimo vya ukumbi, kuta ni za nini na paa ni la nini, madirisha mangapi yalikuwa wazi, watu walikuwa wangapi, na kama mvua ilikuwa inanyesha. Toa nakala mbili: moja ibaki kwenye daftari lako, nyingine mwachie mwenye ukumbi, aibandike ndani ya kabati la mikisa, ili fundi atakayekuja baada yako aikute.